Gita Yenye Kujibu: Mick Taylor na Miaka Yake katika Rolling Stones

Wengi wenu mwajua jina la Rolling Stones, hata kama hamna sahani yao moja nyumbani. Ni kundi la Waingereza lililoanza London mwaka 1962. Mwimbaji wake Mick Jagger na mpiga gita wake Keith Richards wamejulikana dunia nzima, nami leo sitaki kusema juu yao, kwani wamekwisha kusemwa mno. Nataka tumsikilize mtu mwingine aliyesimama kando ya jukwaa, mara nyingi akivitazama vidole vyake tu, toka katikati ya mwaka 1969 hata Desemba 1974. Jina lake ni Mick Taylor. Sahani zilizotoka katika miaka ile ndizo ambazo wajuzi wengi huziweka juu ya nyingine zote za kundi hilo. Je, ni bahati tu kwamba yeye alikuwamo? Mimi nasema si bahati.

Mbele ya kuendelea, neno moja kwa wazazi. Maneno ya nyimbo nyingi za kundi hili si ya kufundisha watoto. Mengine ni machafu wazi wazi, nami sitayatetea hapa. Mick Taylor hakuyatunga. Kazi yake ilikuwa nyuzi sita, na juu ya nyuzi hizo ndipo yatupasa kumpima.

Alizaliwa tarehe 17 Januari 1949 katika Welwyn Garden City, akakulia Hatfield, kaskazini ya London. Baba yake alikuwa fundi katika kiwanda cha ndege cha de Havilland. Mjomba wake, ndugu mdogo wa mama, ndiye aliyemwonyesha gita alipokuwa na miaka tisa. Mwaka 1965 kundi la John Mayall, mzee wa muziki wa bluzi huko Uingereza, lilikuja kupiga mjini kwao. Mpiga gita wa kundi, Eric Clapton, hakutokea usiku ule. Kijana Taylor, mwenye miaka kumi na sita, alingoja mapumziko, akamwendea Mayall, akaomba apige mahali pa yule asiyekuwapo. Gita ya Clapton ilikuwa pale pale jukwaani. Akaichukua, akapiga mpaka mwisho. Mwaka 1967 Mayall alipokosa tena mpiga gita, akamchukua kijana huyo, na alikaa naye miaka miwili.

Tazameni vema mwanzo huo. Mtu huyu aliingia katika muziki kwa kujaza nafasi ya mwingine aliyekosekana. Ndivyo itakavyokuwa tena na tena katika maisha yake, na asiyelishika jambo hilo hataelewa wala uzuri wa kazi yake wala huzuni yake.

Mwaka 1969 aliyekosekana alikuwa Brian Jones. Huyu alikuwa mmoja wa walioanzisha Rolling Stones, lakini ulevi na madawa vilikuwa vimemharibu, hata studioni akawa kama mgeni. Katika mwezi wa sita wenzake walimtoa. Mayall alikuwa amekwisha kumtaja Taylor kwa Jagger. Taylor akaitwa studioni, akadhani anaitwa kwa kazi ya siku chache na mshahara wake, kumbe walikuwa wanamtafuta mwenzao mpya. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Julai Brian Jones alikufa katika bwawa la kuogelea la nyumba yake. Siku mbili baadaye, tarehe 5 Julai, Taylor alisimama kwa mara ya kwanza mbele ya watu pamoja na kundi, katika bustani ya Hyde Park, mbele ya umati wa mamia ya maelfu. Alikuwa na miaka ishirini. Mkutano uliotayarishwa ili kumwonyesha mgeni uligeuka kuwa kilio cha marehemu. Jagger alisoma shairi, vipepeo weupe wakarushwa. Mwenye kuitazama filamu ya siku ile atasikia kwamba gita hazikupatana sauti, na ngoma zinavutwa huku na huku. Nani angepiga vizuri siku kama ile?

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi, huyu alikuja, na wenyeji wakapona. Alipona nani, na kwa dawa gani?

Lazima kwanza tuelewe upigaji wa Keith Richards. Wakati ule Richards alikuwa amegundua njia yake mwenyewe: aliondoa uzi mnene wa gita, akaacha mitano, akaifunga kwa namna ambayo nyuzi zikipigwa wazi zote pamoja zinatoa sauti zinazopatana. Toka hapo hupiga kama mtu anayepasua kuni: pigo, nafasi, pigo, nafasi. Ni upigaji wenye nguvu sana, lakini juu yake yabaki nafasi tupu. Taylor alikuwa kinyume chake. Sauti zake ni ndefu, zimeunganishwa, zimepanda na kushuka kama sauti ya mtu anayeimba bila maneno. Akibonyeza uzi, kidole hakitulii, hutetemesha ile sauti mpaka ilie. Tena alijua sana kutumia kile kibomba kinachovaliwa kidoleni na kutelezeshwa juu ya nyuzi, kama walivyofanya Waamerika weusi wa bluzi toka zamani. Sisi tuliozoea muziki wa Kongo, ambamo gita ya solo na gita ya kusindikiza zina kazi zao mbalimbali, hatuoni ajabu kubwa hapo. Lakini kwa Rolling Stones lilikuwa jambo jipya. Mbele yake gita zao mbili zilikuwa zikichanganyika, na mara nyingi hujui nani amepiga nini. Sasa mmoja anasema, mwenzake anajibu.

Nalishikilia neno hilo la kujibu, kwani laonekana kwangu ndilo siri yake yote. Taylor si mtu wa kuanza mazungumzo. Mpe neno la mwingine, hata neno baya la kukwaruza, naye atalijibu kwa uzuri ambao msemaji wa kwanza hakuutazamia. Katika sahani *Get Yer Ya-Ya's Out!*, iliyorekodiwa mbele ya watu huko Marekani mwezi wa Novemba 1969 na kutoka mwaka 1970, sikieni wimbo wa bluzi wa Robert Johnson, *Love in Vain*. Katika sahani ya studio Richards ndiye aliyetelezesha kibomba, naye alifanya vizuri. Lakini jukwaani Taylor anangoja Jagger amalize mstari, ndipo anaingia taratibu, na gita yake yalia neno lile lile ambalo mwimbaji amelisema, ila kwa huzuni kuliko yeye. Katika safari ile ile, tarehe 6 Desemba 1969, huko Altamont, California, kijana wa miaka kumi na minane, Meredith Hunter, alichomwa kisu mbele ya jukwaa wakati kundi linapiga, akafa. Taylor alikuwa na miezi sita tu kati yao.

Kiisha ikaja *Sticky Fingers*, Aprili 1971. Ikiwa msomaji ana nafasi ya kusikiliza wimbo mmoja tu wa miaka hii, na asikilize *Can't You Hear Me Knocking*. Jina lake ni kama mtu anayeuliza: hunisikii nabisha hodi? Wimbo wenyewe waanza kwa gita ya Richards, ile ya kupasua kuni, na karibu na dakika ya tatu umekwisha. Walikuwa wamemaliza kazi. Lakini mashini ya kurekodi ilikuwa bado inazunguka, na wapigaji hawakuweka vyombo chini. Rocky Dijon akaendelea na ngoma za mkono, Bobby Keys akaingia na saksofoni, Billy Preston yupo kwenye ogani. Taylor amengoja. Anawaacha wengine waseme kwanza. Halafu anaanza kwa sauti chache, polepole, anazirudia, anazigeuza kidogo, kama mtu mwenye adabu anayebisha mlangoni na kungoja. Hapigi mbio. Anaongeza moja hapa, moja pale, mpaka mlango wenyewe wafunguka na kundi lote lapanda ngazi pamoja naye mpaka juu. Wimbo wazidi dakika saba. Hakuna aliyekuwa ameupanga hivyo. Taylor mwenyewe alisema baadaye kwamba ile sehemu ya mwisho ilitokea tu, bila kukusudiwa.

Lakini ngojeni kidogo. Fungueni bahasha ya sahani hiyo, msome majina yaliyoandikwa chini ya nyimbo. Mtaona Jagger na Richards, Jagger na Richards, karibu kila mahali. Katika *Sway* Richards hakupiga gita hata kidogo, aliimba nyuma tu. Jagger alishika gita ya kusindikiza, na Taylor alipiga solo zote mbili, ya katikati kwa kibomba na ile ya mwisho inayotoa machozi. Katika *Moonlight Mile*, wimbo mzuri kuliko yote ya sahani hiyo kwa maoni yangu, Richards hakuwapo. Jagger na Taylor ndio walioufanyiza usiku kucha, na wazo la kutia vinanda vya nyuzi lilikuwa la Taylor. Chini yake imeandikwa nini? Jagger na Richards.

Wengine watasema: jina ni kitu gani? Mwenye kupenda muziki hatafuti jina. Hayo ni maneno ya mtu asiyejua mambo ya kazi. Mwenzi wa kundi hupata fungu lake katika mauzo ya sahani. Lakini yule ambaye jina lake laandikwa kama mtungaji hupata fungu jingine, kila mara wimbo unapouzwa, unapopigwa radioni, hata unapoimbwa na kundi lingine baada ya miaka hamsini. Kwa hiyo swali la nani ametunga wimbo ni swali la heshima na la chakula pia. Tena ni swali gumu kweli. Desturi yahesabu maneno na sauti ya kwanza ya wimbo. Sauti ile nyingine, inayokuja kujibu, yahesabiwa kuwa pambo. Sasa mwulize mtu yeyote apendaye *Can't You Hear Me Knocking* akuimbie kile anachokikumbuka. Wengi hawatakuimbia maneno.

Hata hivyo, tusimfanye Jagger mwizi. Yeye na Richards walikuwa na mapatano yao tangu mwanzo, kwamba lao ni moja, na waliyashika hata pale mmoja wao alipolala nyumbani. Mapatano kama hayo yalilinda umoja wa kundi kwa miaka mingi. Ubaya wake ni kwamba yaliwahesabu wawili tu, na wa tatu akija na zawadi, hakuna mlango wa kuipitishia.

Mwaka 1971 walikimbia kodi za Uingereza, wakaenda kukaa kusini ya Ufaransa. Walirekodi katika vyumba vya chini vya nyumba ya Richards, Nellcôte, huko Villefranche-sur-Mer, katika joto na katika madawa ya kulevya. Zao lake ni sahani mbili pamoja, *Exile on Main St.*, ya Mei 1972. Wengi huiita kilele chao. Mimi naiona kama sokoni, vitu vizuri vingi na makelele mengi. Lakini hapo twakuta jambo la kuchekesha. Katika *Tumbling Dice* mpiga besi Bill Wyman hayumo, basi Taylor ndiye aliyepiga besi. Daima mtu wa kujaza nafasi! Hapo pia ndipo jina lake liliandikwa pamoja na wale wawili, katika *Ventilator Blues*. Ni wimbo mmoja. Katika sahani zote zilizotoka miaka aliyokuwa mwenzao, hakuna mwingine.

Wahenga walisema pia kwamba chanda chema huvikwa pete. Sijui walimfikiria mpiga gita wa namna hii.

Mwisho wa 1972 walirekodi huko Kingston, Jamaica, ikatoka *Goats Head Soup*, Agosti 1973. Sahani hii wengi huidharau, nami nakubali kwamba nusu yake imechoka. Lakini *Winter* ni wimbo ambao singependa kuukosa. Richards hakuwamo tena. Jagger anaimba baridi na upweke, na Taylor anamfuata nyuma mpaka pale mwimbaji anapokosa maneno. Hapo gita yachukua mzigo wote, na vinanda vya nyuzi vyaingia chini yake. Ndugu wa kwaya watanielewa: kuna sauti ya pili ambayo ukiitoa, ya kwanza yabaki uchi.

Tarehe 17 Oktoba 1973 walipiga Brussels, katika ukumbi wa Forest National, mara mbili siku moja. Sababu ya kupiga huko yafaa kusimuliwa. Kwa ajili ya kesi ya madawa, Richards hakuweza kuingia Ufaransa. Basi radio RTL ilitayarisha treni maalum kuwaleta vijana wa Kifaransa mpaka Ubelgiji. Muziki ulirekodiwa kwa ajili ya radio, ukapita mikononi mwa watu kwa siri miaka mingi, na mwaka 2011 kundi lenyewe liliutoa kwa halali kwa jina *Brussels Affair*. Kwangu huu ndio ushahidi mkubwa. Studioni mtu aweza kurudia na kusahihisha, jukwaani hapana. Katika *Midnight Rambler*, unaozidi dakika kumi, Richards anapiga kama nyundo, Jagger anapuliza kinanda cha mdomo, na Taylor anazunguka juu yao kama ndege asiyetua. Hawajapata kupiga vizuri kuliko siku ile. Siku mbili baadaye, tarehe 19 Oktoba, walipiga Berlin. Hiyo ikawa mara ya mwisho kwa Taylor jukwaani akiwa mmoja wao.

Sahani yake ya mwisho nao ni *It's Only Rock 'n Roll*, Oktoba 1974, iliyorekodiwa zaidi huko München. Ndani yake mna *Time Waits for No One*, wimbo wa zaidi ya dakika sita juu ya saa zinazopita. Solo ya Taylor yachukua sehemu yote ya mwisho, inapanda, inapotea kwa mbali, na wimbo wakwisha bila mtu kuirudisha. Alikuwa ametazamia kuona jina lake chini ya baadhi ya nyimbo hizo. Alisema baadaye kwamba aliahidiwa, na ahadi haikutimizwa. Desemba 1974, kundi likiwa linajitayarisha kurudi studioni, akawaambia anaondoka. Alikuwa hajatimiza miaka ishirini na sita.

Watu wengi walimwita mjinga. Kutoka katika kundi kubwa kama hilo, bila kufukuzwa! Nami sikubaliani nao, ingawa hesabu ya fedha iko upande wao. Madawa ya kulevya yalikuwa yamewazunguka wote, yeye pia, na yeye mwenyewe alikuwa baba mwenye mtoto mdogo. Aliona pia kwamba kipawa chake kilikuwa kinaingia katika nyumba isiyokuwa na jina lake mlangoni.

Kuna upande mwingine, nao ni wa haki. Mahali pake alikuja Ron Wood toka kundi la Faces, na gita mbili zikarudi kuchanganyika kama zamani. Richards, katika kitabu chake cha mwaka 2010, amsifu Taylor sana kwa wimbo wa vidole vyake, lakini aeleza kwamba mchezo anaoupenda ni ule wa kusukana, mmoja akiingia ndani ya mwenzake. Namwelewa. Pamoja na Wood kundi lilicheka tena, na kicheko ni kitu. Ila toka 1975 mpaka leo hawajatoa wimbo ambamo gita yaniambia jambo ambalo mwimbaji hakulijua.

Na Taylor peke yake? Hapa nitasema ukweli ambao wapenzi wake hawaupendi. Alijiunga na Jack Bruce mwaka 1975, na kundi hilo halikumaliza mwaka. Mwaka 1979 alitoa sahani yenye jina lake, ambamo ameimba mwenyewe. Vidole ni vile vile, sauti ya kinywa ni ya upole mno, na katika wimbo baada ya wimbo unamsikia akijibu ambapo hakuna aliyeuliza. Mwaka 1983 Bob Dylan alimwita kupiga katika *Infidels*, na mara moja uzuri ukarudi, kwa sababu Dylan ni mtu wa kuuliza. Rolling Stones nao walimpoteza mjibuji, naye alipoteza wasemaji. Hasara ilikuwa ya pande mbili, ingawa haikulipwa sawasawa.

Mwaka 1981 ilitoka *Tattoo You*, iliyokusanywa kwa sehemu kutoka katika kanda za zamani. Katika *Tops*, iliyoanzwa Kingston mwaka 1972, gita ya Taylor inasikika bila shaka lolote. Jina lake halikuandikwa popote juu ya bahasha. Miaka mingi baadaye, walipotaka kutoa tena *Exile on Main St.* pamoja na nyimbo ambazo hazikumalizika, Jagger alimwita studioni mjini London mwaka 2009 ili atie gita katika *Plundered My Soul*. Alikuwa amefikisha miaka sitini. Wimbo ulitoka mwaka 2010, nayo gita ni ile ile, yangoja, kiisha yajibu. Mwishoni mwa 2012, kundi lilipotimiza miaka hamsini, walimwalika jukwaani, na karibu kila usiku alipewa wimbo mmoja, *Midnight Rambler*, kiisha akashuka.

Msomaji anayetaka kuanza, aanze na *Brussels Affair*, arudi kwa *Moonlight Mile*, halafu *Winter*. Asikilize usiku, nyumba ikiwa imetulia, tena asikilize mara mbili: mara ya kwanza amfuate mwimbaji, mara ya pili amwache mwimbaji kabisa.